Chembe Nyeupe za Farasi Mweupe

Duniani kote hakujapata kutokea mtu anayejua kuhesabu chembe nyeupe za damu ya farasi kumshinda Daktari Wiebren Hoitinga wa mji wa Wolderum. Habari hii watu wa Wolderum waliipata kwake mwenyewe, tena bila kumwuliza. Ukienda kununua mkate, utaipata. Ukikaa naye kanisani, atajizuia mpaka mahubiri yaishe, kisha utaipata mlangoni.

Mkewe Ynskje, naye daktari wa mifugo, alikuwa amenunua mashine ya kuhesabia. Unaitia damu, inaguna kidogo, inakutolea majibu kabla chai haijapoa. Wiebren aliiita kibaniko cha mikate. Aliifunika kitambaa cha meza, akaweka juu yake chungu cha maua, akasema sasa angalau ina kazi.

Yeye alikuwa mtu wa hadubini. Njia yake ilikuwa ile ya wazee: damu kidogo, siki kidogo, rangi ya zambarau kidogo. Siki inazipasua chembe nyekundu zote, zambarau inazivika nguo zile nyeupe, kisha tone linawekwa kwenye kioo kilichochorwa vijumba vidogo vidogo, na mtu anakaa kuhesabu kijumba kwa kijumba. Chembe iliyokanyaga mstari wa juu au wa kushoto inahesabiwa. Iliyokanyaga wa chini au wa kulia haihesabiwi. Kwa hizi za mpakani Wiebren alikuwa mkali kuliko askari wa forodha.

"Mashine inahesabu," alipenda kusema, "lakini haijui inahesabu nini. Mimi chembe ikipita mbele yangu naijua mpaka ukoo wake."

Mwaka huo majigambo yake yalipata na mbawa, maana aliteuliwa kuwa Sinterklaas, yaani yule Mtakatifu Nikolao ambaye kila Novemba anawasili kwa boti akitokea Uhispania, kofia ndefu ya kiaskofu kichwani, anapanda farasi wake mweupe na kuzunguka mji akigawa biskuti za viungo, huku watoto wengine wanalia kwa furaha na wengine kwa woga. Mzee aliyeifanya kazi hiyo miaka yote nyonga zilikuwa zimemgomea. Wiebren aliitamani nafasi ile tangu akiwa na meno ya utotoni. Kiangazi kizima alifuga ndevu, akakataa katakata habari ya ndevu za bandia.

"Wolderum haijawahi kupata Mtakatifu wa kweli," alimwambia mkewe. "Safari hii watapata."

"Mtakatifu wa kweli hajisifu," Ynskje alisema.

"Hakuwa na hadubini, ndiyo maana."

Shida ilikuwa moja tu. Farasi wa Wolderum ni weusi tii, na weusi huo ndio fahari ya wenyewe. Ukimtaja farasi mweupe mbele yao wanakutazama kama umetaja mchumba wa zamani. Mweupe alikuwa mmoja tu, jike la Bibi Gerbrich Postma, mjane wa kando ya mfereji. Farasi huyo aliitwa Boter, maana yake siagi, na tangu azaliwe hakukuwa na jambo lililowahi kumharakisha. Boter asipokuwepo, Mtakatifu hana usafiri. Na Mtakatifu akikosa usafiri, Wiebren atabaki na ndevu zake nyumbani.

Pamoja na hayo, kiherehere chake mwenyewe kilimsimamisha kwenye kikao cha kamati akatangaza kwamba yeye hapandi farasi asiyepimwa damu. Hakuna aliyekuwa amemwomba. Mwenyekiti wa kamati, Hessel Bijlsma, mwenye bucha, aliweka kalamu chini.

"Daktari, yule farasi ni mzima. Anakula kuliko mimi."

"Hessel, wewe unawajua wanyama wakishakufa," Wiebren alijibu. "Walio hai niachie mimi."

Siku ya kutoa damu ikawa sherehe. Wiebren aliialika kamati nzima kwenye banda la Bibi Gerbrich, akavaa koti jeupe lililonyooshwa pasi mpaka kwenye mifuko, akamchoma Boter sindano ya shingo kwa mkono mwepesi. Hilo tumpe haki yake, mkono alikuwa nao. Boter hakuacha hata kutafuna. Damu ikajaa vichupa viwili, Wiebren akavisimamisha kwenye ukingo wa dirisha, akawageukia wageni wake, akaanza kuhutubia.

Sasa, damu ya farasi ina tabia yake. Ya ng'ombe unaweza kuiacha ukaenda kula, ukarudi ukaikuta vilevile. Ya farasi haina subira. Ukiisimamisha kidogo tu, wekundu unazama chini, maji ya manjano yanabaki juu, na katikati zinajipanga chembe nyeupe, zote kwa pamoja, zimebanana kama abiria wa feri. Ndiyo maana kila anayeanza kazi hii huambiwa neno moja kabla ya mengine yote: tikisa. Pindua kichupa taratibu, juu chini, juu chini, ndipo uchote. Wiebren mwenyewe aliwafundisha hivyo vijana wengi, na aliwakaripia waliosahau.

Siku ile alizungumzia historia ya hadubini, akazungumzia macho yake, akazungumzia profesa mmoja aliyemwonea wivu, kisha akarudia yale ya macho kwa waliochelewa. Hessel alianza kusinzia amesimama. Mwishowe Wiebren alichukua kichupa kimoja, akazamisha mrija wake palepale katikati, akachota, akaelekea zahanati yake amekishika kile kimrija kwa vidole viwili, Hessel na Bibi Gerbrich wakimfuata nyuma na vile vichupa kama wasimamizi wa harusi.

Akaketi kwenye hadubini. Kijumba cha kwanza kilikuwa kimejaa. Cha pili kilijaa kupita cha kwanza. Kwenye cha tatu chembe zilibanana hivi kwamba zile za mpakani hazikujulikana zimekanyaga mstari upi, na Wiebren, ambaye huhesabu huku akipiga soga, alinyamaza kimya. Farasi mzima anatakiwa awe na elfu sita mpaka elfu kumi katika katone kasikozidi kichwa cha pini. Wiebren alipomaliza kupiga hesabu yake alipata elfu tisini na nne.

Ynskje alikuwa ananawa mikono pembeni. "Tisini na nne? Farasi mwenye elfu tisini na nne hasimami, mume wangu. Ulitikisa?"

Wiebren aliirudia hotuba yake kichwani. Alimkumbuka profesa, aliyakumbuka macho, ila kutikisa hakukukumbuka hata kidogo. Na pale mlangoni Hessel na Bibi Gerbrich walikuwa wameinama mbele wanasikiliza.

"Mimi?" alisema. "Unaniuliza mimi kama nilitikisa?"

"Ndiyo, nakuuliza wewe. Simwulizi Boter."

"Basi swali hilo ni tusi."

Na tusi, kama mnavyojua, mtu mwenye heshima halijibu. Ynskje aligundua kwamba hajajibiwa, lakini simu ikalia, ng'ombe wa mtu ndama amekaa vibaya tumboni, akachukua mkoba wake akaondoka.

"Kwa hiyo farasi wangu ni mgonjwa," Bibi Gerbrich alisema.

"Sana, bibi. Sijui kama ataiona Jumapili. Chembe zake nyeupe zimezidi mno."

"Lakini yeye ni mweupe."

"Ndiyo, na je?"

"Farasi ni mweupe, chembe ni nyeupe. Ulitaka awe na za rangi gani, daktari? Kawapime wale weusi. Hao ukiwakuta na nyeupe nyingi, hapo ndipo ushtuke."

"Bibi, manyoya na damu haviingiliani."

"Mbona mimi damu yangu ya Kipostma inaonekana mpaka kwenye pua?"

Hessel alisema kwa sauti ya chini kwamba bibi ana hoja.

Wiebren akabaki amejifunga kamba yake mwenyewe. Ikiwa hesabu ni sahihi, Boter ni mgonjwa na hakuna Mtakatifu. Ikiwa Boter ni mzima, basi hesabu ni takataka na mhesabuji ni yeye. Maneno mawili tu yangemwokoa: nilisahau kutikisa. Alijaribu kuyasema bafuni mbele ya kioo, mlango umefungwa. Alifika kwenye "nili" akakwama. Akaona aibu mbele ya mswaki.

Njia nyingine ilikuwa kutafuta farasi mweupe mwingine. Hapo akakumbuka ubao aliouona barabarani, kwenye lango la mfugaji mmoja mgeni aitwaye Douwe Rinsma. Ubao ulisema: schimmel mweupe anauzwa hapa.

Yabidi hapa tusimame kidogo, maana lugha ya kule ina mtego. Schimmel ni farasi mweupe. Schimmel hiyohiyo ni ukungu, ule wa mkate uliosahaulika, na ule mweupe wanaoufuga makusudi juu ya jibini. Kwa Kiswahili mambo yasingefika mbali. Mmoja angesema "yupo", mwingine angesema "ipo", wakagutuka wote wawili. Lakini lugha ya kule haina ngeli, na mazungumzo yasiyo na ngeli hayana breki. Wiebren akampigia simu.

"Bwana Rinsma, nasikia una schimmel mweupe."

"Ninayo, daktari. Nyeupe pe."

"Ametulia? Sitaki purukushani mbele ya watoto."

"Tangu niiweke haijasogea."

Wiebren alipendezwa. "Ana umri gani?"

"Wiki sita."

"Miaka sita, vizuri sana," alisema Wiebren, aliyezoea kuwasahihisha wafugaji. "Amekuzwa vipi?"

"Kwa maziwa ya mbuzi matupu."

"Maskini. Yatima?"

Douwe alifikiri kidogo. Wateja wa mjini alishawazoea na maneno yao. "Unaweza kuiita hivyo. Iko moja tu iliyobaki."

"Na miguu yake?"

"Aa, harufu ya miguu ipo kidogo, siwezi kukudanganya. Wajuzi ndicho wanachokifuata."

"Kila farasi ana harufu yake," Wiebren alitaka kusema, lakini akaona asimkatishe mtu tamaa. "Sikiliza, swali kubwa ni hili. Mimi na joho na fimbo tunafika kilo mia. Atanihimili?"

Douwe aliihamishia simu sikio la pili.

"Unataka kuikalia?"

"Sasa mimi nitamfanya nini kingine?"

"Wengi huila, daktari. Na mkate."

Wiebren alipandisha sauti. "Hao ni washenzi. Kwangu mimi halitatokea hilo."

"Basi mteja ni mfalme," Douwe alisema. "Ikalie. Ila tandika karatasi chini yake."

Siku moja kabla ya sherehe Douwe alifika na gari lake. Wiebren alikuwa amesimama uani na hatamu mkononi, karoti mfukoni. Douwe alifungua mlango wa nyuma, akatoa sanduku la mviringo lililofungwa utepe, akampakatia.

"Farasi yuko wapi?"

"Farasi gani?"

Ynskje alikuwa kwenye ngazi za mlango. Aliufungua utepe, akakitazama kile kijibini cheupe, akamtazama mumewe na hatamu yake, akacheka mpaka akakaa chini. Douwe aliuliza kama kuna tatizo la ubora. Aliambiwa hakuna, akaenda zake.

"Nenda kamwambie Hessel kwamba ulisahau kutikisa," Ynskje alisema alipopata pumzi. "Neno moja tu, yameisha, kesho unampanda Boter."

"Sikusahau."

"Basi panda jibini."

Akamwacha pale uani. Wiebren aliingia zahanati ameshuka mabega. Kwenye jokofu la mlango wa kioo kilikuwepo kile kichupa cha pili, hakijaguswa, kimesimama kwenye kishikio chake tangu siku ile. Kilikuwa na mistari mitatu safi: manjano juu, nyekundu chini, na katikati utando mwembamba mweupe. Alikitazama kama mtu aliyekutana na mtu anayemdai njiani. Akakitoa. Akakipindua taratibu, juu chini, juu chini, mpaka damu ikawa rangi moja. Akachota, akatia siki, akatia zambarau, akahesabu. Elfu saba.

Alihakikisha mlango umefungwa. Akaondoa chungu cha maua, akafunua kitambaa, akaitilia mashine tone. "Haya, na wewe sema," alinong'ona. Mashine ikaguna, ikasema elfu saba. Akaifunika tena na maua yake juu.

Hakuwa hata amenawa mikono Hessel alipogonga na kuingia. Mwenyekiti alikuwa na uso wa msiba.

"Daktari, watoto wameshachora picha za farasi. Shule nzima. Sasa mimi nikawaambie nini? Hakuna njia yoyote?"

"Nimempima upya," Wiebren alisema. "Elfu saba. Mzima kabisa."

"Amepona?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pake. Mlango ulikuwa wazi, ukweli ulikuwa umesimama nje umevaa viatu tayari. Wiebren alifungua mdomo kuuita.

"Amepona," alisema.

"Juzi ulisema hataiona Jumapili."

"Nilimtibu."

"Kwa dawa gani?"

Wiebren alitazama mkono wake. Ulikuwa umekishika kichupa, na wenyewe, kama unaotubu, ulikuwa bado unakipindua juu chini. Akili ilimkimbia. "Si dawa," alisema. "Ni kutikisa."

"Kutikisa nini?"

"Kutikisa farasi."

Hessel alivuta kiti akakaa. Miaka yote hii habari za hadubini zilikuwa zinampita pembeni, lakini hii aliielewa. "Yaani zile nyeupe zilikuwa zimejikusanya mahali pamoja."

"Kabisa."

"Ukimtikisa zinatawanyika."

"Umeelewa haraka kuliko wanafunzi wangu," Wiebren alisema, na moyoni akajisikia vibaya, kwa sababu ilikuwa kweli.

Bibi Gerbrich, aliyepashwa habari na Hessel njiani, alipiga simu kabla mwenyewe hajafika buchani. Alitaka kujua dozi.

"Mara tatu kwa siku, baada ya chakula," Wiebren alijibu kwa mazoea.

"Na wewe ulimtikisa lini? Mimi sikukuona."

"Ulipokwenda kununua mkate, bibi."

"Ndiyo maana niliporudi alinitazama vibaya."

Habari njema hutembea, ya kipuuzi hupanda baiskeli. Jua lilipozama kila mwenye farasi Wolderum alikuwa nje anatikisa. Mmoja anashika kichwa, wa pili mkia, wa tatu anasimama pembeni anatoa ushauri. Wale farasi weusi, ambao mababu zao wanasemekana kuwabeba mashujaa waliovaa chuma, walisimama kwenye matope wanatikiswa kama mashuka yenye vumbi. Wengine walivumilia. Mmoja alimtupa mwenyewe mtaroni, na yule bwana alipotoka, amelowa chepechepe, alisema kwa kweli mgongo wake umepata nafuu.

Ynskje ndiye aliyepokea simu. Je, ni kushoto na kulia, au mbele na nyuma? Je, mwenye mimba naye? Je, ng'ombe? Alipoweka chini simu ya mwisho alikuja akasimama mbele ya mumewe, ambaye alikuwa anachana ndevu.

"Kwa hiyo ulisahau kutikisa."

"Sikusahau," alisema Wiebren. "Nilichelewa."

Kesho yake boti iliingia kwenye mfereji kwa tarumbeta. Mtakatifu alishuka na joho jekundu, kofia ndefu, fimbo ya dhahabu na ndevu zake halisi, na mtoto mmoja alipozivuta zikagoma kutoka, watoto wote wakasema aaa. Boter alikuwa anamngoja gatini, amepigwa brashi mpaka anang'aa. Wiebren akapanda. Toka juu pale aliuona mji wote umemwinulia uso, na nyimbo, na picha za farasi zilizochorwa kwa kalamu za rangi zikipepea mikononi. Machozi yalimlengalenga. Hili ndilo alilokuwa analitaka maisha yake yote, na kwa muda huo mfupi alikuwa na furaha isiyo na chembe ya aibu.

Saa ya kanisa ikagonga adhuhuri. Bibi Gerbrich akajitokeza kwenye umati na ndoo mkononi, Boter akachovya mdomo, akala, akamaliza. Bibi akaweka ndoo chini, akashika shingo ya farasi.

"Bibi, si sasa," Wiebren alinong'ona ndani ya ndevu.

"Ulisema baada ya chakula. Ametoka kula."

"Niko juu yake."

"Basi jishikilie, Mtakatifu. Hessel, kamata mkia."

Wakamtikisa. Boter aliwavumilia, kama alivyowavumilia jana na asubuhi ile, lakini Mtakatifu alianza kuyumba kushoto, akayumba kulia, kofia ikamshukia mpaka puani, biskuti zikamwagika. Hapo binti mmoja mdogo, aliyefundishwa nyumbani kwamba farasi wa Mtakatifu hupewa karoti, aliiweka yake chini mbele ya Boter na kurudi nyuma kwa adabu. Boter akainamisha kichwa kuifuata. Shingo ikawa mteremko. Wiebren akateleza nayo toka juu hadi chini, joho na fimbo na vyote, akatua chali juu ya mawe ya barabara, pumzi ikamtoka yote.

Tarumbeta zikanyamaza. "Mtakatifu amekufa?" mtoto mmoja aliuliza.

Hessel alimwinamia. Akaivua ile kofia. Uso wa Wiebren haukuwa na tone la rangi. "Amepauka," mwenyekiti alisema. "Tazameni. Mweupe pe."

"Chembe nyeupe," alisema Bibi Gerbrich. "Zimempanda kichwani."

Hakukuwa na mtu katika Wolderum nzima asiyejua dawa yake. Mikono kumi ilimnyanyua palepale. Hessel alishika kichwa, bibi alishika kiuno, mwenye mgongo uliopata nafuu alishika mguu wa kulia, wakaanza. Wiebren alitaka kuwaambia waache, lakini kila alipovuta pumzi walimtikisa ikatoka. Aliziona picha za farasi zikipita juu chini, juu chini. Aliliona jumba la kanisa likicheza. Na ndani ya mtikisiko ule, kwa mara ya kwanza, kitu kilichokuwa kimekwama kooni tangu siku ile ya bafuni kilikwanyuka, kikapanda, kikatoka mbele ya mji mzima.

"Ni-li-sa-ha-u ku-ti-ki-sa."

Hessel aliinua mkono. Watu wakasimama, wamemning'iniza hewani. "Kasema nini?"

"Kasema tusisahau kutikisa," Bibi Gerbrich alisema.

"Mmesikia wenyewe, daktari kasema," Hessel aliutangazia umati. "Haya jamani, upya, na kwa nguvu."

Mtu mmoja tu alikuwa amesikia sawasawa. Ynskje alipenya katikati ya watu mpaka akafika, akamtazama mumewe machoni, na mumewe akamtazama kwa macho ya kuomba. Akaweka mkoba wake chini. Akakunja mikono ya koti. Akaukamata mguu wa kushoto, uliokuwa bado hauna mtu, akatikisa kuliko wote.